Video Inayokwama Nyumbani: Historia ya Foleni Inayohama

Ukiwa mtu wa kuandika programu za kompyuta, jamaa na majirani wote hukuchukulia kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Video zinakwama kwangu, je, nipandishe kifurushi?" Kupandisha kifurushi ni kuongeza shilingi elfu moja au mbili kila mwezi, na katika nyumba nyingi hizo ni pesa za unga na mafuta. Kwa hivyo swali hilo si la mchezo.

Leo nitalijibu kwa njia ya historia, kwa sababu bila historia jibu langu litasikika kama utani. Mara nyingi kasi ya kutosha unayo tayari. Kinachokusumbua ni foleni, na foleni hiyo imekuwa ikihama kwa karibu miaka arobaini hadi ikafika sebuleni kwako.

Kwanza, foleni yenyewe ni nini?

Tunasema video "inatiririka", lakini data haiendi kama maji ya bomba. Hukatwakatwa vipande viitwavyo pakiti, na pakiti kubwa ya kawaida ina takriban baiti 1,500. Video ya megabiti 5 kwa sekunde basi ni zaidi ya pakiti 400 kila sekunde. Pakiti hizo hupita kutoka ruta moja hadi nyingine. Pale njia pana inapokutana na njia nyembamba, pakiti husubiri zamu yake ndani ya kumbukumbu ya ruta. Mahali hapo pa kusubiria ndipo paitwapo bafa.

Aliyewahi kuvuka Likoni ananielewa. Feri ina nafasi zake, na magari husubiri kwenye uwanja. Uwanja wa kiasi ni jambo jema, maana feri ikifika haiondoki nusu tupu. Sasa tuseme uwanja ule umepanuliwa mara kumi na feri ni zile zile. Je, magari mengi zaidi yatavuka kwa saa? Hapana, hata moja. Utakachopata ni foleni ndefu zaidi, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali atakwama nyuma ya malori ya saruji. Shikeni mfano huu, tutaurudia.

1986: mita 360 zilizoushinda mtandao

Mnamo Oktoba 1986, huko California, Marekani, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley yaliporomoka ghafla. Majengo hayo yalikuwa yametengana kwa yadi 400, yaani kama mita 360 hivi. Kasi ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Soma tena: biti 40, si kilobiti. Ni kushuka mara 800. Mtu angeweza kuandika ujumbe kwenye karatasi, akatembea hadi jengo la pili, na kuushinda mtandao.

Van Jacobson na mwenzake Mike Karels wakaanza kuchunguza. Kompyuta zilikuwa zikitenda kama watu wasio na subira. Jibu likichelewa, kompyuta ilidhani pakiti imepotea, ikatuma nyingine. Pakiti ile ya kwanza kumbe ilikuwa bado kwenye foleni, na sasa foleni ikawa na nakala mbili. Kila mmoja alipofanya hivyo, njia ikajaa nakala za nakala.

Dawa yao ilichapishwa mwaka wa 1988, na mtandao ukaishi juu yake kwa miongo mingi. Kompyuta ianze polepole, iongeze mwendo kidogo kidogo, na pakiti ikipotea ichukulie kwamba njia imejaa na ipunguze mwendo mara moja. Tazama jambo moja muhimu hapa: katika mpango huu kupotea kwa pakiti ni habari. Ni kama askari wa trafiki anayeinua mkono. Ukimwondoa askari, madereva hawatajua kwamba mbele kumejaa.

1995: akiba ya msikilizaji

Mwaka wa 1995 kampuni ya Progressive Networks ya Seattle, chini ya Rob Glaser, ilitoa RealAudio, na mwaka wa 1997 ikaongeza RealVideo. Watu wengi walikuwa kwenye modemu za simu za kilobiti 28.8 au 56, na laini hizo zilikuwa na vipindi vya kulegea. Suluhisho lilikuwa haba na haba: programu ikusanye sekunde kadhaa za sauti au picha kabla ya kuanza kucheza, ili mtandao ukilegea kidogo itumie akiba.

Akiba hiyo nayo iliitwa bafa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Bafa iliyo ndani ya programu ya video ni ghala lako, na kadiri lilivyojaa ndivyo ulivyo salama. Bafa iliyo ndani ya ruta ni foleni, na kadiri ilivyojaa ndivyo unavyochelewa. Jina ni moja, kazi ni mbili. Kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini maana yake ni kwamba ghala limekwisha. Kwa nini limekwisha ndilo swali.

Kenya: foleni ilikuwa angani

Kwetu wakati huo kulikuwa na tatizo jingine kubwa zaidi. Hapakuwa na kebo ya baharini ya faiba iliyotuunganisha na dunia, kwa hivyo intaneti yetu ilipitia setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni karibu kilomita 72,000, na jibu nalo linapanda na kushuka vivyo hivyo. Jumla ni zaidi ya kilomita 140,000. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila swali na jibu lake vilikula karibu nusu sekunde hata kama hapakuwa na mtu mwingine njiani. Kununua kasi zaidi hakungepunguza safari hiyo hata kilomita moja.

Kibaya zaidi, hata barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara, ikiwa ofisi hizo zilitumia watoa huduma tofauti, ilisafiri hadi ng'ambo ya bahari na kurudi. Watoa huduma wakaona huu ni upuzi, wakaungana na kuanzisha KIXP, mahali pa kubadilishana data hapa hapa nchini. Kituo kilianza Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika kwamba haki yake inavunjwa, na mwezi wa Desemba tume ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano mrefu. Hapo Kenya ilijifunza mapema somo ambalo wengine walichelewa kulipata: njia fupi inaweza kukufaa kuliko njia pana.

Kisha kebo zikaja. TEAMS, inayotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ilifika ufuo wa Mombasa Juni 2009. SEACOM ikawashwa Julai mwaka huo huo, na EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Ndani ya faiba mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na Fujairah ni kama kilomita 5,000 kwa njia ya kebo. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 50, ikilinganishwa na karibu 500 za setilaiti. Foleni ya angani ikaisha. Ilibaki hatari ya kebo yenyewe kukatika, kama Februari 2012 meli ilipoburuta nanga karibu na Mombasa na kuikata TEAMS.

Video yajifunza kupanda na kushuka ngazi

Wakati sisi tunasubiri kebo, video yenyewe ilikuwa ikibadilika. Video ya kwanza ya YouTube iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005, na ina sekunde 19 tu. Mwaka uliofuata Google iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.65. YouTube ya siku hizo ilikupa faili moja. Likikushinda, ungesimamisha video, ungeenda kupika chai, ungerudi ukakuta mstari umejaa.

Mwaka wa 2009 Apple ilitoa mtindo uitwao HLS, na mwaka wa 2012 ukaja mtindo wa kimataifa wa DASH. Katika mitindo hii video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huwekwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Programu ya video hupima kasi kila inapochukua kipande, kisha inachagua: panda ngazi, baki ulipo, au shuka. Ndiyo maana leo picha huwa na ukungu kwanza kabla ya kukwama kabisa.

Lakini upimaji huo hudanganyika. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba programu za video, zikishindana na upakuaji mwingine kwenye laini moja, huweza kudhani laini ni dhaifu kuliko ilivyo. Zinashuka ngazi, zinaomba vipande vidogo, vipande vidogo vinapimwa vibaya zaidi, zinashuka tena. Ni woga unaozaa woga. Mwaka wa 2014 baadhi yao, wakishirikiana na Netflix, wakapendekeza programu iangalie zaidi ghala lake limejaa kiasi gani kuliko kukisia kasi ya laini, na video zikapunguza kukwama.

Pamoja na hayo, makampuni ya video yalianza kusogeza seva karibu na watazamaji. Akamai ilianzishwa kwa ajili ya biashara hiyo mwaka wa 1998, na Netflix ikatangaza mpango wake wa Open Connect mwaka wa 2012. Filamu maarufu haina haja ya kuvuka bahari kila unapoitazama, mradi nakala iko kwa mtoa huduma wako.

Sasa jumlisheni. Anga imeondoka, bahari imefupishwa, nakala imesogezwa karibu. Mbona bado video inakwama?

2010: bafa iliyovimbiwa

Mwaka wa 2010 Jim Gettys, mmoja wa walioanzisha mfumo wa X Window na mhariri wa kanuni za HTTP 1.1, alikuwa nyumbani kwake Marekani akituma mafaili makubwa kwenye seva ya mbali. Intaneti ya nyumba nzima ikawa haitumiki. Alipopima kwa programu ya ping, jibu ambalo kwa kawaida hurudi kwa milisekunde chache lilichukua zaidi ya sekunde nzima. Laini haikuwa imeharibika. Pakiti zake zilikuwa zimesimama ndani ya modemu ya nyumbani.

Gettys alifuatilia na kuona kwamba tatizo liko kila mahali: kwenye modemu, kwenye ruta, hata ndani ya kompyuta zenyewe. Kumbukumbu ilikuwa imekuwa bei rahisi, na watengenezaji waliamini kwamba kupoteza pakiti ni aibu, kwa hivyo wakaweka bafa kubwa sana. Hapa ndipo tunarudi Likoni: uwanja ulipanuliwa bila feri kuongezwa. Tunarudi pia mwaka wa 1988: dawa ya Jacobson ilitegemea pakiti kupotea ili kompyuta zijue njia imejaa. Bafa kubwa haipotezi pakiti hadi imejaa pomoni. Askari wa trafiki akaondolewa, na madereva wakaendelea kuja. Bafa ilikula kupita kiasi ikavimbiwa.

Mwathirika mkubwa ni nyumba yenye kasi ndogo ya kupakia. Huenda ukauliza, kupakia kuna uhusiano gani na filamu ninayopakua? Uhusiano upo. Kompyuta yako inapopokea pakiti hutuma risiti kwa seva kuthibitisha kwamba zimefika, na bila risiti seva haiendelei kutuma kwa mwendo ule ule. Njia ya kupakia ikijaa, risiti zako hukaa nyuma ya mizigo. Seva inangoja, ghala la video linaisha, kiduara kinazunguka, nawe unalaumu kifurushi.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Tuna laini ya faiba, na kila Jumapili saa mbili usiku mama huzungumza kwa video na dada yangu aliye Doha. Kwa wiki kadhaa uso wa dada uliganda katikati ya sentensi, na mama akaanza kukata simu mapema, akisema hataki "kumsumbua". Nilipopima, ping ilikuwa milisekunde 18 nyumba ikiwa kimya. Saa mbili usiku ilikuwa 1,100. Sababu: hiyo ndiyo saa ambapo simu zote nne za nyumbani huwekwa chaji, na simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi huanza kupakia picha za siku nzima kwenye hifadhi. Picha za arusi ya binamu zilikuwa zimesimama mbele ya uso wa dada. Mtoa huduma alikuwa ameshatushauri tununue kifurushi kikubwa zaidi. Hatukununua. Nilibadilisha namna foleni inavyopangwa, na simu za Jumapili zikarudi kuwa ndefu.

Dawa iliyopatikana

Mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na yule yule Van Jacobson walichapisha mbinu iitwayo CoDel. Mbinu za awali zilihesabu pakiti ngapi ziko kwenye foleni. CoDel inauliza swali jingine: pakiti hii imesubiri muda gani? Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100 mfululizo, inatupa pakiti moja kwa makusudi ili mtumaji apate habari na kupunguza mwendo. Askari amerudi kazini.

Mwaka huo huo Eric Dumazet aliiongezea ugawaji wa foleni, ikawa fq_codel ndani ya Linux. Kila mazungumzo yanapata mstari wake, na ruta inachukua kidogo kutoka kila mstari. Malori yana mstari wao, watembea kwa miguu wana wao, na mgonjwa hangoji saruji ivuke. Mwaka wa 2018 mbinu hizi ziliandikwa kuwa kanuni rasmi, RFC 8289 na 8290, na Linux ikapata nyingine iliyokamilika zaidi iitwayo CAKE. Mtu aliyepigania sana ziingie kwenye ruta za watu wa kawaida ni Dave Täht, aliyefariki Aprili 2025. Kazi hiyo yote imetolewa bure, kila mtu aweze kuitumia.

Wi-Fi nayo ina foleni yake. Mwaka wa 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kifaa kimoja chenye mawimbi dhaifu huwavuta wote nyuma, kwa kuwa kinachukua muda mrefu hewani kutuma kitu kile kile. Simu moja iliyo chumba cha mwisho inaweza kuidhoofisha televisheni iliyo kando ya ruta. Dawa ya kugawa muda wa hewani kwa haki ilichapishwa mwaka wa 2017 na kuingia kwenye Linux, lakini si kila ruta ya dukani inayo.

Sasa pima nyumbani kwako

Kabla ya kulipa shilingi zaidi, fanya hivi:

1. Nyumba ikiwa kimya, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, endesha ping kwa dakika moja, andika namba.

2. Ping ikiendelea, anza kupakia faili kubwa kwa simu au kompyuta nyingine. Namba ikiruka kutoka makumi hadi mamia au maelfu, una bafa iliyovimbiwa. Tafuta kwenye ruta yako mpangilio uitwao SQM, fq_codel au CAKE, na uuwekee kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, ya kupakia na ya kupakua, ili foleni ikae kwenye ruta unayoitawala wewe. Ruta yako isipokuwa na mpangilio huo, programu ya bure ya OpenWrt huenda ikaikubali. Angalia tu kwamba kichakato chake kinaiweza kazi hiyo.

3. Huna ruta ya kubadilisha? Panga simu zipakie picha usiku wa manane. Haigharimu chochote.

4. Rudia kipimo kwa Wi-Fi. Waya ikiwa safi na Wi-Fi ikiwa mbaya, tatizo liko hewani: hamia 5 GHz, sogeza ruta, au iwekee televisheni waya.

5. Waya ikiwa mbaya jioni hata nyumba ikiwa kimya, huenda foleni iko kwa mtoa huduma. Mpigie ukiwa na namba na saa zake. Malalamiko yenye namba husikika.

6. Kama hatua zote ni safi na bado video haiendi, hapo ndipo uulize kuhusu kasi. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Zidisha kwa idadi ya televisheni zako, ulinganishe na unacholipia.

Mwone kasi imewekwa mwisho kwenye orodha, ingawa dukani huwa ya kwanza. Muuzaji hawezi kukuuzia foleni fupi, kwa sababu haina namba kubwa ya kuandika kwenye bango. Lakini kutoka Berkeley hadi KIXP, na kutoka KIXP hadi modemu ya Gettys, waliotatua tatizo kwanza waliuliza pakiti imesimama wapi. Ulizeni vivyo hivyo.

Basi kwa leo naishia hapa. Chukueni kipimo hicho wikendi hii, na pesa ya kifurushi iacheni mfukoni hadi namba ziseme vingine. Alamsiki.